Mgonjwa wa Figo Asiambiwe tu "Achana na Mboga"

Mjomba wangu hakuvuka darasa la saba, lakini ni mtu aliyelelewa kuheshimu maandishi. Alipoanza kusafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja ya magharibi mwa nchi, alikabidhiwa karatasi ya kurasa mbili iliyoorodhesha vyakula anavyoruhusiwa na vile anavyokatazwa. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Muuguzi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na wagonjwa wengine kadhaa wa kuhudumia, aliifupisha kwa Kiswahili katika sentensi mbili: "Mzee, punguza chumvi. Mboga na matunda, achana navyo." Mjomba aliikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa koti, akarudi nyumbani na sentensi zile mbili.

Alizitii zote mbili kwa uaminifu. Sukuma wiki, kunde na kabeji vilitoweka mezani pake. Chumvi ya duka nayo ilipigwa marufuku. Walakini, mzee wa kwetu hawezi kula maharagwe yasiyo na ladha, kwa hivyo mke wa mjomba alirejea katika hekima ya bibi zake. Alichoma maganda ya maharagwe, akayatia majivu katika chombo chenye matundu, akayamwagia maji, na yale maji ya rangi ya chai yaliyochuruzika akayatumia kuungia chakula. Hayo ndiyo maji tunayoyaita munyu, au musherekha kwa lugha ya nyumbani. "Hii si chumvi ya dukani," alimwambia mumewe kwa nia njema kabisa. "Hii ni ya kienyeji, haina dawa."

Baada ya majuma machache, Jumapili moja jioni, mjomba alishindwa kuinuka kitini. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Alipofikishwa hospitalini, kipimo cha damu kilionyesha kwamba potasiamu yake ilikuwa imepita milimoli 7 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Daktari alituambia kwamba lau tungalisubiri hadi asubuhi, huenda moyo wake ungalisimama usingizini.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni isimu, nayo kwa watu wengi ni taaluma isiyomtibu hata kuku. Lakini nilipoisoma karatasi ile, na kisha kuzilinganisha kurasa zake mbili na sentensi mbili alizopewa mjomba, niliona kwamba kilichokaribia kumwua hakikuwa chakula peke yake. Yalikuwa pia maneno.

Tuanze na chumvi. Aliyeiandika karatasi alikuwa na sodiamu akilini, ile iliyomo katika chumvi ya mezani, ambayo humfanya mgonjwa akate kiu kwa maji mengi, shinikizo la damu likapanda na moyo ukalemewa. Katika Kiswahili, hasa katika lahaja kadhaa na katika lugha nyingi za Kibantu, munyu ni chumvi ile ile. Kwa mkemia, hata hivyo, ni vitu viwili mbalimbali. Mmea hukusanya potasiamu nyingi kutoka ardhini. Ukiuchoma, sehemu kubwa ya mwili wake huenda na moshi, na potasiamu hubaki majivuni. Maji yakipita katika majivu hayo huibeba. Kijiko cha munyu, kwa hivyo, si kidonge cha kienyeji kisicho na madhara, bali ni mmea mzima uliopunguzwa ukabaki chumvi yake.

La kustaajabisha ni kwamba jambo hili limo ndani ya jina lenyewe. Neno potasiamu lilizaliwa kutokana na maneno ya Ulaya yenye maana ya majivu ya chungu, kwa kuwa watu walikuwa wakichemsha maji ya majivu katika vyungu ili kupata magadi ya kutengenezea sabuni na kioo. Mnamo mwaka wa 1807, Humphry Davy alipitisha umeme katika chumvi hiyo ya majivu jijini London akaipata metali iliyojificha ndani yake. Nayo alama yake, ile herufi K ambayo wanafunzi wetu wa kemia huikariri bila kuambiwa sababu, imetokana na kalium, na kalium imetokana na neno la Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea ya nchi za chumvi. Mke wa mjomba alikuwa akifanya kazi ambayo wakemia walikuwa wameipa jina karne mbili zilizopita. Hakuna aliyempa habari hiyo kwa lugha anayoielewa, na karatasi ile, iliyoonya dhidi ya ndizi, parachichi na chumvi mbadala za viwandani, haikuwa na neno lolote kuhusu munyu. Iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kula mrenda.

Ni kwa nini potasiamu iuogopeshe moyo? Karibu yote iliyomo mwilini hukaa ndani ya seli, na kidogo sana huwa nje, katika damu. Tofauti hiyo ndiyo inayoupa msuli wa moyo chaji ya umeme wa kupigia. Figo nzima huitoa ile ya ziada pamoja na mkojo, kwa hivyo mtu mwenye afya anaweza kula maparachichi mawili asidhurike. Aliyepoteza figo hutegemea mashine. Mashine haifanyi kazi anapokuwa nyumbani, na potasiamu hujilimbikiza siku baada ya siku mpaka tofauti ile inapungua, mapigo yanavurugika, na pengine kukoma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2011, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 32,000 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, ulionyesha kwamba vifo huongezeka baada ya ule muda mrefu zaidi wa kukaa bila mashine, yaani siku mbili. Wagonjwa wetu wengi husafishwa mara mbili tu kwa wiki. Msomaji ahesabu mwenyewe siku zinazobaki katikati.

Ikiwa ndivyo, basi je, muuguzi hakusema kweli? Si salama zaidi kumkataza mgonjwa kila kitu kilichoota ardhini? Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi pia usiku ule hospitalini. Nilipoanza kuuliza na kusoma, nilikuta kwamba jibu limekuwa likibadilika, na kwamba karatasi nyingi hazijabadilika nalo.

Tangu Willem Kolff alipoiunda mashine yake kule Uholanzi mwaka wa 1943, akitumia utando wa kufungia soseji kuwa kichujio, binadamu ameweza kuishi bila figo. Kwa hakika ni muujiza. Lakini wengi wa wanaoishi kwa muujiza huo hawafi kwa maradhi ya figo. Maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza katika kuwaua. Mishipa yao huwa migumu mapema kwa kujaa chokaa, mwili hukaa katika uvimbe wa ndani usioonekana, na damu hubeba sumu ambazo mashine haiwezi kuzichuja vyema. Mathalani, ipo moja iitwayo indoksili salfati. Hutokana na protini ambayo haikusagwa ikafika katika utumbo mpana, bakteria wakaila, na ini likamalizia kuigeuza. Hujishikiza kwenye protini za damu, na kwa sababu hiyo hupita mbele ya kichujio cha mashine bila kukamatwa, ikaendelea kuidhuru mishipa.

Hapa ndipo mimea inaporudi mlangoni tulipoifukuza. Bakteria wa utumboni wakipewa nyuzinyuzi za mimea na wanga usiosagika kwa urahisi, huzalisha sumu hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha mwaka wa 2014 jaribio la majuma sita lililowapa wagonjwa wa mashine wanga wa aina hiyo, na sehemu ya indoksili salfati iliyo huru katika damu ikapungua. Mgonjwa anayeacha mboga na matunda yote, kama mjomba alivyofanya, huwanyima bakteria hao chakula hicho. Hukosa choo, na utumbo uliofunga choo hushindwa hata kutoa ile potasiamu kidogo ambayo ungaliweza kuisaidia figo kuitoa.

Zaidi ya nyuzinyuzi kuna ile misombo ambayo mimea huitengeneza kwa ajili ya rangi, uchungu na kujikinga: polifenoli na jamaa zake flavonoidi. Haya ni majina mageni kwa vitu tunavyovijua kwa ulimi. Ndiyo ukakasi wa komamanga, uchungu wa kakao, wekundu wa kitunguu. Nchini Israeli, katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2012, wagonjwa 101 wa mashine waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likanywa mililita 100 za maji ya komamanga mara tatu kwa wiki, wakati wa kusafishwa damu, kwa mwaka mzima. Dalili za uvimbe wa ndani zilipungua, na waliolazwa kwa sababu ya maambukizi walikuwa wachache zaidi. Nchini Ujerumani, mwaka wa 2016, wagonjwa 57 walishiriki katika jaribio jingine: baadhi walipewa miligramu 900 za flavonoidi za kakao kila siku kwa siku 30, na mishipa yao ikatanuka vyema kuliko ya wenzao waliopewa kinywaji kisichokuwa nazo.

Naomba msomaji asikimbilie duka la kakao. Majaribio haya ni madogo. Mshipa unaotanuka vyema ni habari njema, lakini si sawa na mtu anayeishi miaka zaidi. Isitoshe, maji ya komamanga yenyewe yana potasiamu, na wagonjwa wale waliyanywa wakiwa wameunganishwa na mashine mbele ya wauguzi, si nyumbani. Nayaeleza haya kwa mkazo kwa kuwa nimeona barabarani, karibu na lango la hospitali ile ile, wauzaji wa unga wa majani "unaorudisha figo". Msombo mmoja ukisifiwa maabara, kesho yake unauzwa katika chupa, na anayenunua ni yule ambaye nauli yake imekwisha.

Ushahidi ulionigusa zaidi haukuhusu msombo mmoja bali sahani nzima. Mwaka wa 2019 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 8,000 wa Ulaya na Amerika Kusini waliokuwa wakisafishwa damu. Waliokula matunda na mboga zaidi walifariki kwa idadi ndogo kuliko waliokula kidogo sana. Kwa vifo vya moyo peke yake tofauti haikuwa wazi vya kutosha, na uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba mboga ndizo zilizowaokoa. Yamkini walio na nguvu ndio wanaoweza kula zaidi. Lakini hofu kwamba wala mboga wangekufa kwa wingi haikuonekana. Na kuna takwimu moja humo ambayo sijaisahau: waliofikia vipimo vinne au zaidi vya matunda na mboga kwa siku walikuwa asilimia 4 tu. Hata huko kwa wenzetu, wanakokuwapo wataalamu wa lishe wa kutosha, watu wamefunzwa kuliogopa jani.

Yako makosa mengine ya karatasi ile ambayo yanaukaribia moyo kwa njia ya pembeni. Ilikataza maharagwe kwa sababu ya fosforasi, ambayo ikizidi husaidia kuitia mishipa chokaa. Ni kweli maharagwe yana fosforasi. Lakini sehemu kubwa ya fosforasi ya mbegu imefungiwa katika msombo uitwao fiteti, na utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuufungua, kwa hivyo chini ya nusu yake ndiyo hufyonzwa. Fosforasi inayoongezwa viwandani, katika soseji, katika nyama za makopo, katika soda nyeusi, hufyonzwa karibu yote. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani waliwalisha wagonjwa 9 wa figo, ambao hawakuwa wamefikia hatua ya mashine, chakula cha nafaka na mimea kwa juma moja na cha nyama kwa juma jingine, fosforasi ikiwa sawa katika vyote viwili. Juma la mimea, fosforasi ya damu ilikuwa chini. Mjomba aliacha maharagwe yaliyochemshwa na kubakia na soda, kwa kuwa soda si mboga wala si tunda. Nani angemlaumu?

Kinyume chake, yapo matunda ambayo kwa mgonjwa wa figo hayana kiasi cha kuvumilika, na hapa ukali wa muuguzi ungefaa. Tunda la nyota, lile la manjano lenye pembe tano, lina sumu ya neva ambayo wanasayansi wa Brazili waliitambua mwaka wa 2013 wakaiita karamboksini. Mtu mwenye figo nzima huitoa. Mgonjwa wa mashine akilila hupatwa na kwikwi isiyokoma, huchanganyikiwa, huenda akaingia kifafa na kufa. Jamaa yake ni birimbi letu la pwani, lile tulitialo katika achari. Maji yake yakinywewa kwa wingi yameripotiwa kule India kuharibu hata figo zilizokuwa nzima, kwa sababu ya asidi iliyomo. Nalo balungi huzuia utumbo kuvunja baadhi ya dawa za shinikizo la damu, dawa ikaingia mwilini kupita kiasi. Mambo haya matatu hayawezi kuingia katika sentensi "matunda, achana nayo", kwa sababu anayekatazwa matofaa na birimbi kwa sauti moja, siku atakapoonja tofaa na asidhurike, ataonja na birimbi.

Nirudi sasa katika uwanja wangu. Neno "mboga" lenyewe ni mtego. Tanzania na sehemu nyingi za pwani, mboga ni chochote kiliwacho pamoja na ugali au wali. Ukiuliza, "Leo mboga ni nini?" huenda ukajibiwa, "Samaki." Huku bara ya Kenya maana imefinywa ikawa majani, lakini mama mboga huuza pia nyanya, viazi na vitunguu, na hakuna anayemwambia amekosea. Mgonjwa wa Likoni na mgonjwa wa Kakamega wakiambiwa sentensi moja watapika vyakula viwili mbalimbali. Kadhalika magazeti yetu, likiwemo pengine hili, hupenda kuandika kwamba mtu fulani "anasafishwa figo". Figo haisafishwi. Kinachosafishwa ni damu, kwa sababu figo haifanyi kazi hiyo tena. Nimekutana katika chumba cha kungojea na mama aliyeamini kwamba figo zake zikishasafishwa mara za kutosha zitatakata na atapumzishwa. Sentensi yetu ilikuwa imempa tumaini ambalo hakuna daktari aliyempa.

Tangu mwaka wa 2015, serikali ilipokodi mashine na kuzipeleka katika hospitali za kaunti, huduma hii imesogea karibu na watu wasiojua Kiingereza. Karatasi hazikusogea pamoja na mashine. Sioni kwamba ni kazi inayohitaji kamati. Anayeiandika anapaswa kuketi na mtaalamu wa lishe upande mmoja na mke wa mjomba upande wa pili, akauliza: majani haya mnayaitaje, mnayapikaje, mnayatia nini, maji yake mnayamwaga au mnayanywa? Kukata viazi au mboga vipande vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo hupunguza potasiamu kwa kiasi kikubwa. Jambo hilo la mwiko na sufuria lilikuwamo katika karatasi ya Kiingereza, katika ukurasa wa pili, ambao sentensi za muuguzi hazikuufikia.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa isimu-jamii zoezi la kukusanya majina ya mboga katika lugha za kwao, pamoja na namna kila moja inavyopikwa. Niliwatuma kwa mama zao, si maktabani. Wengi walirudi na majina matatu au manne ya mmea mmoja. Mnavu wa mmoja ulikuwa managu wa mwingine. Saba walirudi na habari za maji ya majivu, kila mmoja akidhani ni siri ya kijiji chao. Mwalimu wa shule ya upili anayesoma haya anaweza kulifanya zoezi hilo darasani bila senti moja, akishirikiana na mwenzake wa kemia siku wanapofundisha ile herufi K.

Mjomba yu hai. Munyu umeondoka jikoni, na mtaalamu wa lishe, akimtazamia kwanza majibu yake ya damu, amemrudishia kabeji iliyochemshwa na kumwagwa maji, nusu tofaa, na maharagwe kwa kipimo cha kikombe kidogo. Niliyaandika haya yote kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, nikayabandika kando ya kabati la vyombo. Aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Mpwa wangu," aliniuliza, "na mrenda?"

Nilimwambia kwamba ameruhusiwa kidogo, mara moja moja, ila usitiwe munyu, na kwamba ingefaa uchemshwe na maji yake yamwagwe.

"Mrenda uliomwagwa maji," alisema, "hapo umebaki nini?"

Sikuwa na jibu, na hata mtaalamu wa lishe nilipompigia simu alicheka kwanza kabla ya kusema kwamba atalifikiria.